Kazi ya ekstra Atlanta: hela, makaratasi na maneno yenu

Haya jamani, swali ni lile lile: "Dada, tumekuona kwenye tamthilia, unalipwaje, na sisi tunaingiaje?" Nimejibu kwenye komenti mpaka vidole vimechoka. Nasema leo, halafu atakayeuliza tena namtumia video hii. Na kabla hujaandika kwamba najisifu: mimi ni ekstra, wale wa kupita nyuma ya waigizaji bila kuongea, na kilichoonekana ni mgongo wangu, tena ukipiga chafya umeshaukosa. Na wewe wa "si urudi Tanga kama ni kugumu", subiri nimalize kwanza.

Niko Georgia, Marekani, pembeni ya Atlanta. Filamu zilijaa huku kwa sababu ya kodi, si kwa uzuri wa mji. Tangu 2008 jimbo linawapa watengenezaji nafuu ya kodi ya asilimia 20 ya wanachotumia hapa, na 10 nyingine wakiweka nembo ya Georgia mwishoni. Tyler Perry, mtengenezaji filamu, naye akafungua studio zake mwaka 2019 kwenye iliyokuwa kambi ya jeshi. Ila anayekwambia kazi ziko tele anakumbuka ya zamani. Mwaka 2023 waandishi waligoma, waigizaji wakafuata, na mgomo ulipoisha kazi nyingi hazikurudi, zikahamia Uingereza na kwingineko. Matumizi ya filamu humu jimboni yalikuwa dola bilioni 4.4 mwaka wa fedha 2022. Kufika 2024 ni bilioni 2.6. Simu yangu imeliona hilo kabla ya magazeti.

Sasa hela. Tangazo linaandikwa hivi: 125 kwa 8. Maana yake dola 125 kwa saa 8 za kwanza, zikizidi unalipwa saa moja na nusu kwa kila saa. Ukikaa saa 12 unafika 218 na senti. Najua mmeshazidisha kwa shilingi, nawaona. Haya, toeni asilimia 7.65 ya pensheni na matibabu ya uzeeni, toeni kodi ya taifa, kodi ya jimbo, mafuta ya gari, maana hakuna basi litakalokufikisha lokesheni saa kumi na moja alfajiri. Tena hiyo ni siku ukiitwa. Wiki nyingine unaitwa mara moja, mwezi mwingine huitwi kabisa. Wenye chama cha waigizaji, SAG-AFTRA, kiwango chao kilipanda mpaka dola 216 kwa siku Julai 2024, lakini Georgia ekstra wengi hatumo kwenye chama, na kiingilio chake ni kama dola 3,000. Kodi ya nyumba nailipa kwa kulea wazee, wikiendi na usiku. Hii ya filamu inalipa bima ya gari, ikijitahidi.

Kinachowakwamisha watu si sura wala kimo. Ni makaratasi. Unajaza fomu ya I-9 kuthibitisha unaruhusiwa kufanya kazi, na vitambulisho lazima viwe vyenyewe. Kopi hawataki, picha kwenye simu hawataki. Nimemwona kijana aliyeendesha kutoka mji wa Macon usiku, kadi yake ya hifadhi ya jamii ameipiga picha tu. Dada wa mezani hakuinua hata kichwa: "Mwingine." Akageuza gari. Mwanafunzi wa viza ya F-1, kazi za nje ya chuo mpaka uwe na kibali, usije ukaharibu masomo kwa dola 125. Aliyekuja kutembea ndiyo kabisa, asiguse. Na hakuna anayemletea mtu viza kutoka Dar aje kupita nyuma ya mwigizaji. Mmoja wenu ameniandikia kwamba ameombwa laki tano ya "usajili wa ekstra Marekani". Ndugu yangu, huyo ni tapeli. Kampuni ya kutafuta ekstra inalipwa na filamu, hailipwi na wewe.

Kazi yenyewe ni kusubiri. Mnakaa kwenye hema au ukumbi wa kanisa, mafundi wanakula kwanza, nyie mnafuata. Simu ni marufuku, ndiyo maana hamzioni picha mnazozidai.

Hebu niwaambie ya soko, maana bado inaniuma. Walituchukua Waafrika tuwe sokoni kwenye nchi ambayo hata jina haikupewa. Dada wa mavazi akanifunga kilemba kikakaa kama sufuria imepinduliwa. Nikamwambia taratibu, mpenzi, kwetu hakifungwi hivi. Akatabasamu, akakaza zaidi. Halafu ukiwa ekstra huongei, unachezesha midomo tu bila sauti. Basi mimi na mama mmoja wa Bukavu anayekaa Clarkston tukagombania bei ya nyanya za plastiki kimya kimya kuanzia asubuhi mpaka giza linaingia. Mama yule hashuki bei hata kwa uongo!

Hundi inakuja baada ya wiki mbili, tatu. Ya soko ilikuja imekatwa saa, wanadai tuliondoka saa kumi na mbili wakati tulitoka saa tatu usiku. Nilipiga simu mpaka nikaukariri muziki wao wa kusubirisha. Kilichonisaidia ni nakala yangu ya vocha, ile karatasi ya kazi ya siku hiyo, muda umeandikwa na umesainiwa. Wakati wa kodi ndiyo balaa, kwa sababu kila filamu inahesabika ni mwajiri tofauti. Januari sanduku la posta linajaa fomu za W-2, zile za mshahara na kodi uliyokatwa, na nyingine ni ya siku moja tu.

Nyumbani nako nimeshakuwa staa wa Hollywood. Kadi za harusi zinakuja na kiwango cha mchango kimeshaandikwa. Mamdogo, nakupenda, lakini laki nane?

Haya ni yangu mimi, na mwenye bahati yake ana hadithi nyingine. Kuna Mkenya namfahamu ameanza kusimama badala ya mwigizaji wakati wanapanga taa, analipwa vizuri kuliko sisi. Mwingine aliacha wiki ya kwanza. Ukiwa huku na vibali unavyo, matangazo yako Facebook: andika "casting" na jina la jiji, tuma picha ya uso na ya mwili mzima bila filta, urefu, saizi za nguo, rangi ya gari lako na mwaka wake. Gari nalo wakilitumia wanaongeza kidogo, ila jeupe na jekundu huwa hawalitaki.

Namba ya mtu wa kutafuta ekstra sitaweka hapa. Niiteni mchoyo. Video ijayo ni ya bima ya gari, maana na hiyo mmenisumbua.