Kwa nini ziwa letu halizai kimbunga

Wakubwa zangu shikamooni. Swali lililoletwa na wavuvi wa Kibirizi, hapa Kigoma, ni zuri: Ziwa Tanganyika lina maji ya vuguvugu, juu yanapita nyuzi joto 25, na upepo wake unapindua mitumbwi. Mbona hatupati kimbunga kama watu wa pwani?

Tuanze na sufuria. Chemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 mpaka yatokote. Ukiacha moto uendelee kuwaka mpaka yakauke yote, utatumia joto la ziada, karibu mara saba ya lile la kwanza. Joto hilo halipotei. Linasafiri na mvuke, linatoka pale mvuke unapogeuka matone mawinguni. Hiyo ndiyo dizeli ya kimbunga: hewa iliyopashwa huko juu inazidi kupanda, mgandamizo chini unashuka, hewa nyingine yenye unyevu inakimbilia pale ikiwa na mvuke mpya.

Ili ishike, bahari iwe na nyuzi 26 na nusu au zaidi, tena hadi kina cha mita 50 hivi. Upepo hukoroga maji. Kimbunga kikiganda mahali pamoja siku mbili tatu, huibua baridi ya chini na kujiua chenyewe. Kisha pepo za chini na za juu zisitofautiane sana kasi na mwelekeo, la sivyo mawingu ya juu yanasukumwa mbali na kiini. Wengi hulisahau hili, nalo huua vimbunga vichanga vingi. Halafu kuna msukumo wa mzunguko wa dunia, ndio unaokizungusha kimbunga, nao kwenye Ikweta ni sifuri. Ndani ya nyuzi 5 za latitudo vimbunga ni nadra mno.

Kigoma tuko karibu nyuzi 4.9 kusini. Msikimbilie kusema hilo ndilo jibu, maana Kasanga, kusini mwa ziwa hili, imepita nyuzi 8 na bado hakuna kitu. Jibu ni upana: ziwa lina wastani wa kilomita 50, kimbunga hutaka mamia. Hewa ya kukilisha ingetoka nchi kavu. Dhoruba zenu ni mawingu ya radi tu, ingawa kwa aliye mtumbwini hilo si faraja.

Kwenye Bahari ya Hindi kusini-magharibi msimu kwa kawaida ni Novemba hadi Aprili, na jina hutolewa upepo ukifika kilomita 63 kwa saa. Madagascar na Msumbiji hupigwa zaidi. Kwetu ni mara chache, kama kimbunga cha Lindi 1952 na kile cha Hidaya kilichofika Mafia Mei 2024. Atlantiki ya Kusini karibu haina kabisa, ingawa Brazil ilipigwa Machi 2004.

Kimbunga kikikaa mashariki ya Madagascar, mara nyingine huvuta pepo za magharibi zenye unyevu wa Kongo mpaka huku Kigoma na Tabora. Mvua ya Machi inayolowesha dagaa wenu kwenye vichanja huenda imeitwa na kitu kilicho zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapa.