Profesa Akikabidhiwa Mkoba wa Bajeti

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokosa viti mkakaa kwenye ngazi, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie maprofesa wa uchumi wanaopewa Wizara ya Fedha. Hapa Dodoma mada hii haihitaji kutafutiwa sababu. Bunge tunalo, Wizara iko Mtumba kwenye Mji wa Serikali, na kila Juni vyumba vya wageni vinapanda bei kabla waziri hajafungua mkoba. Huo nao ni uchumi, ila tuuache kwa leo.

Mtaani utasikia kwamba msomi akiingia serikalini anaangushwa na siasa, kwa kuwa haijui. Mimi naona wengi wao wanaangushwa na jambo jingine: wanaacha ualimu. Darasani mwanafunzi akiniletea jibu tupu simpi alama zote, namwambia aonyeshe njia. Profesa huyohuyo akishaapishwa, anawaletea wananchi jibu tupu. Kodi ni asilimia hii, tozo ni shilingi kadhaa, lipeni.

Kwanza tumtendee haki, maana nafasi aliyonayo ni finyu kuliko tunavyodhani. Waziri wetu lazima awe mbunge. Dk. Philip Mpango, aliyewahi kufundisha uchumi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliingia Wizara ya Fedha mwaka 2015 kwa kuteuliwa na Rais kuwa mbunge kwanza. Ukishaingia, unakuta deni la Taifa linadai, mishahara inadai, miradi iliyokwisha anza inadai. Bajeti ya 2025/26 ni shilingi trilioni 56.49, lakini usifikiri waziri ana trilioni 56 za kuchezea. Sehemu kubwa ina mwenyewe tayari. Kwenye hicho kilichobaki ndipo anakutana na wabunge wanaotishia kushika shilingi, yaani kuzuia mshahara wake usipite, kwa ajili ya barabara ya jimboni. Na siku ya kupitisha bajeti, kila mbunge anaitwa kwa jina na kujibu mwenyewe. Hakuna kujificha nyuma ya makofi.

Sasa nendeni nami India, 1991. Manmohan Singh, aliyekuwa profesa katika Delhi School of Economics, anaapishwa Juni. Akiba ya fedha za kigeni inatosha kuagiza bidhaa kwa wiki kama mbili hivi. Dhahabu ya nchi imewekwa rehani. Mwanzoni mwa Julai rupia inashushwa thamani mara mbili ndani ya siku chache, na tarehe 24 anasoma bajeti. Vitabu vingi vinaishia hapo, vikisifu kufunguliwa kwa uchumi. Mimi kinachonivutia ni mbolea. Bajeti ile ilipandisha bei ya mbolea kwa asilimia 40, na wabunge wa chama chake mwenyewe wakaja juu. Wana wapiga kura wakulima, watarudi vijijini na sura gani? Singh alikaa nao, akaeleza kwa nini ruzuku ile haibebeki, akasikiliza, kisha akarudi na asilimia 30, huku wakulima wadogo wakiachwa kwenye bei ya zamani. Kwenye karatasi ya mtihani hayo ni makosa, maana bei mbili za mfuko uleule zinaalika ulanguzi. Lakini mageuzi yote mengine yalipita. Alikubali kupoteza alama kwenye swali dogo ili somo liendelee, na nyuma yake alikuwa na Waziri Mkuu Narasimha Rao aliyemkingia kifua.

Hilo la kukingiwa kifua tusilipuuze. Joseph Schumpeter, mchumi ambaye jina lake mnalikariri kwa mtihani, alikuwa Waziri wa Fedha wa Austria mwaka 1919 na hakumaliza mwaka. Yanis Varoufakis wa Ugiriki alidumu kuanzia Januari hadi Julai 2015. Huyo alieleza kweli, tena kwa kirefu, lakini wadai wa nchi yake hawakuwa darasani. Kwa hiyo siwaambii kwamba kueleza kunatosha.

Turudi nyumbani. Sheria ya Fedha ya 2021 iliweka tozo kwenye kutuma na kutoa fedha kwa simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Waziri wa Fedha wakati huo, Dk. Mwigulu Nchemba, ni mchumi wa shahada ya uzamivu. Tozo ilianza tarehe 15 Julai, na haikumaliza miezi miwili kabla ya kupunguzwa kwa asilimia 30.

Ifuateni fedha moja tu kwenye soko la mahindi la Kibaigwa. Mnunuzi yuko Dar es Salaam, anamtumia dalali. Dalali anatoa sehemu awalipe wapakiaji, nyingine anamtumia mkulima aliyeleta mzigo kutoka Kiteto. Mkulima naye anatoa, kwa sababu duka la pembejeo linataka noti mkononi. Mahindi ni yaleyale, biashara ni moja, lakini njiani pamekatwa na pamekatwa tena. Mnunuzi akipiga hesabu anaona heri apande basi na fedha kwenye begi, hatari ya wezi juu yake. Sasa hapo Serikali imepoteza tozo, na imepoteza pia kumbukumbu ya muamala ambayo mkusanya kodi angeitumia kesho. Hesabu hii mwanafunzi wa mwaka wa pili anaiweza. Laiti ingeandikwa hadharani, hatua kwa hatua, kabla ya Julai, nadhani wauzaji wa Kibaigwa wangeisahihisha bure.

Na kuna maamuzi ambayo hata ukionyesha njia, mtu ataumia. Ushuru wa mafuta ya kula yanayoagizwa nje ni mmojawapo, na sisi wa kanda ya kati unatugusa. Ukiupunguza, mama wa Dar es Salaam anapata ahueni kwenye dumu, na mkulima wa alizeti wa Iramba au Mpwapwa anaambiwa gunia lake limeshuka. Ukiupandisha, wanabadilishana kilio. Isitoshe, waziri haupangi peke yake, kwani viwango vya ushuru wa forodha hukubaliwa kwa pamoja na mawaziri wa Afrika Mashariki. Ninachodai kwa profesa hapa ni kidogo: aseme wazi nani anaumia, kwa shilingi ngapi kwa kukadiria, na kwa nini amemchagua huyo aumie mwaka huu.

Jirani zetu Kenya walikuwa na Waziri wa Fedha Profesa Njuguna Ndung'u, mchumi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na gavana wa zamani wa Benki Kuu. Muswada wa Fedha wa 2024, uliolenga kuongeza kodi, ulipopitishwa tarehe 25 Juni, vijana waliingia hadi ndani ya Bunge, na kesho yake Rais akakataa kuusaini. Julai Baraza la Mawaziri likavunjwa. Deni la Kenya lilikuwa halisi, hesabu ilikuwepo. Vijana waliisoma wenyewe, kifungu kwa kifungu, wakaelezana kwenye simu zao, na mwalimu akafika darasani somo limeshafundishwa na wengine.

Mtaniuliza kuhusu maprofesa wetu wa miaka ya tisini. Profesa Kighoma Malima alikuwa Hazina wakati kodi zisizokusanywa na misamaha vilipowafanya wafadhili wasitishe misaada mwishoni mwa 1994. Profesa Simon Mbilinyi aliyekuja baadaye alijiuzulu mwaka 1996, baada ya suala la misamaha ya kodi kufika Bungeni. Mamlaka ya Mapato ilianza kazi Julai ya mwaka huohuo. Hakuna nadharia ngumu hapo. Kila mchumi anajua msamaha mmoja huzaa mwingine, na anayesalia kulipa ni yule asiye na wa kumpigia simu.

Kwa hiyo hotuba ya Juni ikitoka, msianzie kwenye bia na sigara kama magazeti. Tafuteni ukurasa unaotaja misamaha iliyotolewa, mwenye kunufaika, na kodi iliyoachwa. Mkiukosa, andikeni barua Mtumba, si mbali. Nipo tayari kwa maswali.