Darasa la awali halipimwi kwa daftari
(Mazungumzo na wazazi, Pangani Mjini)

Asalaam alaykum. Shikamooni wazee wangu. Kina mama mliobeba watoto, sogeeni mbele, kipaza sauti hiki huko nyuma hakifiki.

Mmeniuliza hapa mjini mtoto apelekwe wapi. Mji wetu mdogo, hakuna mengi ya kuchagua. Kuna darasa la awali ndani ya shule ya msingi ya serikali, kuna vituo vya kulelea watoto mchana, na kuna nasari za kulipia, zile za sare na tai. Chuoni kwa maalimu, kusoma Kurani, ataendelea kwenda, hilo halina mjadala.

La serikali halina ada tangu mwaka 2016, na sera ya elimu ya 2014 inataka kila mtoto asome awali angalau mwaka mmoja kabla ya la kwanza. Kwa utaratibu, mwalimu mmoja awe na watoto 25. Mimi mwaka mmoja nilikuwa nao 83, chumba kimoja, wengine sakafuni. Watoto 83 hufundishi, unachunga. Ukipita dirishani ukanisikia nawaimbisha moja, mbili, tatu mpaka kengele, unihurumie kidogo.

Sasa ufaulu. Awali haina mtihani wa taifa. Upimaji wa kusoma, kuandika na kuhesabu unamngoja mtoto la pili. Basi mzazi anajitafutia kipimo chake: anafunua daftari. Likijaa tiki nyekundu, roho inatulia. Akisikia wa jirani anasema "gudi moning ticha", wiki ijayo wake kahamishwa.

Nilikuwa na binti mmoja anahesabu mpaka 100 hakwami. Siku hiyo nikamwaga vifuu sakafuni, nikamwambia, nipe saba. Akanipa alivyoweza kukumbatia. Wimbo anaujua, saba haijui. Pembeni mtoto wa mvuvi, daftari lake jeupe pee, anawagawia wenzake wanne kifuu kimoja kimoja, kama mafungu ya samaki pale forodhani. Kikabaki kimoja. Akaniuliza, "Mwalimu, hiki tukipasue?"

Mama yake alikuja mwezi huohuo kulalamika kwamba mtoto haandiki.

Mtaala wa awali wa 2016 ulitaka mtoto aweze kuhusiana na wenzake, kuwasiliana, kutunza afya na mazingira yake, sanaa, na dhana za hisabati. Hayo huyaoni kwenye daftari. Nenda saa tatu asubuhi, ukae mlangoni. Hesabu watoto. Sikiliza kama ni mwalimu peke yake anayesema. Tazama choo, mtoto wa miaka mitano anakifikia mwenyewe? Na uji: ukifika zamu yako ya kuchanga unga, usijifiche, maana mtoto mwenye njaa saa nne ni wa kusinzia tu.

Haya, maswali. Nimeuona mkono wa mama mwenye kanga ya kijani.