Futi 60 za Kwanza: Tairi na Namna ya Kuondoka kwenye Mbio za Dragi

(Mhadhara kwa vijana wa jumuiya ya Waswahili, Columbus, Ohio)

Shikamooni wazee. Vijana, habari za jioni. Nimefurahi mmekuja wengi, hasa nyie mliokuwa mkishindana usiku kwenye barabara ya viwandani. Msinitazame hivyo, habari zinafika. Wally Parks alianzisha NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani, zile za magari mawili kushindana kwenye njia iliyonyooka, mwaka 1951 kwa ajili ya watu wa aina yenu hasa, awatoe barabarani awapeleke uwanjani. Nasi tuna uwanja jirani, pale Hebron.

Nianze na hii karatasi. Imechakaa, nimeikunja na kuikunjua miaka mingi. Ukimaliza kukimbia unapewa kidirishani. Hapa chini inasema robo maili, yaani mita 402, sekunde 14.7. Gari lilikuwa Mustang ya V8, nguvu za farasi 300, gia za mkono. Kijana wa upande wa pili alikuwa na Honda ya injini ndogo, na aliniacha. Marafiki wakanishauri: ongeza nguvu, badilisha egzosi, badilisha programu ya injini. Nilishaanza kuhesabu hela.

Mzee mmoja mwenye gari la rangi tatu akaniomba karatasi. Matokeo ya chini hata hakuyaangalia. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja juu, kwenye mstari wa muda wa futi 60 za kwanza: sekunde 2.4. Akaniuliza, tairi lina upepo kiasi gani? Nikasema PSI 35. Akacheka mpaka akashika kiuno.

Futi 60 ni mita 18 tu, umbali wa kutoka hapa hadi pale mlangoni na kurudi. Lakini kasi unayoipata pale unaibeba safari nzima. Watu wa uwanjani wana kipimo chao: ukipunguza sehemu moja ya kumi ya sekunde kwenye futi 60, mwisho wa robo maili unavuna sehemu moja na nusu ya kumi, pengine mbili. Hela ya egzosi haiwezi kukupa hivyo.

Sasa hesabu ya nazi. Nazi ikidondoka toka juu ya mnazi wa mita 18, inafika chini kwa sekunde 1.9. Gari linalotaka kuondoka kwa kasi ya nazi linahitaji tairi linaloikamata lami kwa nguvu sawa na uzito wa gari lote. Yangu iliendeshwa na magurudumu mawili ya nyuma, tena kwa tairi za msimu wote, zile zilizotengenezwa zidumu. Ubavuni mwa tairi kuna neno TREADWEAR na namba. Yangu iliandikwa 500. Namba kubwa ni mpira mgumu wa maisha marefu. 200 ni mpira laini wa magari ya michezo. Radiali za dragi, yaani tairi laini za mbio zinazoruhusiwa pia barabarani, huandikwa 0 au 00, mwenye tairi ajue mwenyewe kwamba halitazeeka. Hapo hapo tafuteni tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu lenye kashata nzuri linawadanganya wengi, maana mpira umeshakauka.

Kwetu, tairi kipara ni aibu, trafiki akikuona anatabasamu. Uwanjani kuna tairi linalozaliwa kipara. Halina mifereji, kwa hiyo mpira wote unagusa chini, na ubavu wake ni laini kiasi kwamba gari likiondoka unakunjamana kama soksi. Upepo wake ni 10 hadi 14 hivi kwa gari la wastani. Ni tairi tamu, lakini huwezi kurudi nalo nyumbani. Barabarani haliruhusiwi, na mvua ikinyesha litakuzika. Anayeendesha gari lilelile kwenda kazini Jumatatu, mimi namwambia anunue radiali za dragi: zina mifereji michache, zimeruhusiwa barabarani, na upepo wa uwanjani huanzia 18 hivi. Chukua rimu ndogo yenye tairi la ubavu mrefu. Wanaopenda rimu za inchi 20 watanisamehe, ule ubavu mwembamba hauna cha kukunjamana.

Kununua hakutoshi, na hapa ndipo wengi wanakwama, maana tairi na mguu ni ndoa. Kipara cha bayasi, chenye nyuzi za ndani zinazokatizana mshazari, kinapenda kupigwa: resi juu, klachi inaachiwa ghafla, tairi linateleza kidogo kisha linashika lenyewe. Radiali ni kinyume. Ikishateleza, usitegemee irudi, ondoa mguu. Radiali inataka ubembeleze klachi ile nusu sekunde ya kwanza, halafu ndipo ukanyage mafuta yote.

Na tairi la kawaida? Ndilo mnalo wengi, tulizungumzie. Kwanza, kabla ya kufika mstari wa kuondokea kuna dimbwi la maji ambapo wenzenu wanachoma tairi, yaani wanalizungusha papo hapo lipate joto. Nyie lizungukeni. Mimi nililiingia, nikaona nafanya kama wakubwa. Mifereji ya tairi ilibeba maji hadi mstarini, nikaondoka kama niko kwenye matope ya masika. Mwenye radiali apite dimbwi kwanza, kisha azungushe tairi kidogo upande wa pili, gia ya pili, akiona moshi mwembamba aache. Moshi mzito ni wa kupigia picha.

Pili, upepo. Toka 35, shuka mpaka 28 hivi, mbili mbili. Halafu teremka ukatazame alama nyeusi uliyoiacha. Ikiwa nyeusi zaidi katikati, upepo bado mwingi. Ikikolea kingoni na katikati pamefifia, umepunguza mno, tairi limebonyea ndani. Njooni na pampu, mjaze tena kabla ya kuingia barabara kuu.

Tatu, resi. Anza na mizunguko 2,000 ya injini kwa dakika, achia klachi polepole. Tairi likilia, mara ijayo punguza 300. Injini ikilemewa na gari kujikongoja, ongeza 300. Kitu kimoja kwa kila mbio, na uandike nyuma ya karatasi. Ukibadilisha upepo na resi kwa pamoja hutajua kilichokusaidia ni kipi. Wenye otomatiki, shikilieni breki kwa mguu wa kushoto, pandisheni resi mpaka tairi linakaribia kushindwa, kisha mwachie.

Dada mwenye Civic kanyoosha mkono. Ndiyo, gari linalovutwa na magurudumu ya mbele lina tatizo lake: likiondoka, uzito unakimbilia nyuma na tairi za kazi zinabaki nyepesi. Kwa hiyo tairi nzuri weka mbele, za nyuma zijaze upepo hadi 40 ziwe ngumu, na toa kila kitu kwenye buti, hata tairi la akiba. Resi yako iwe ya chini kuliko ya kaka zako hapa.

Taa za kuondokea zisiwasumbue. Saa inaanza pale tairi lako la mbele linapotoka kwenye mwale wa mwanga ulioko mstarini, taa ya kijani ikiwaka wewe ukilala hakuna sekunde inayoongezeka kwenye muda wako wa kukimbia. Ila mwenzako atakuwa keshafika. Taa za njano zinapishana nusu sekunde. Ondoka unapoiona ya tatu.

Binamu yangu wa Nairobi aliniuliza kama namba zangu zitamfaa. Nikamwambia atazame za Bandimere, uwanja wa karibu na Denver uliofungwa mwaka 2023. Ulikuwa mita 1,700 na kitu juu ya bahari, karibu sawa na Nairobi. Hewa nyembamba inaila injini isiyo na turbo karibu sehemu moja ya sita ya nguvu. Tairi linaloteleza pwani, kule juu linaweza kutosha, na resi ya kuondokea inabidi ipande.

Tahadhari moja. Tairi linapoteleza linailinda gari. Ukiliwekea mpira unaoshika, kipigo kinahamia kwenye klachi, difu na draivu shafti. Nilipoweka radiali nilipata 1.85 kwenye futi 60 na 13.6 mwishoni, injini ileile. Wiki ya tatu klachi pleti ikanuka, nikarudi nyumbani nimevutwa. Tena ukishuka chini ya sekunde 14, kofia ngumu (helmeti) ni lazima.

Tairi zote tatu ziko kwenye pikapu pale nje, na geji ya upepo ninayo. Njooni mkabonyeze ubavu kabla giza halijaingia. Dada wa Civic, lete gari karibu, tuanze na lako.