Ebola ilipopewa kadi ya chama

Asante Mwenyekiti. Wanafunzi wa afya ya jamii, hamjambo? Leo twende Beni, Kivu Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Disemba 2018.

Ebola ilikuwa imetangazwa Agosti 1 mwaka huo. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakizika ndugu waliouawa kwa mapanga, mauaji ambayo serikali iliwabebesha waasi wa ADF. Kisha ghafla yakaja magari, madaktari na fedha kwa ajili ya ugonjwa. Mtaani wakauliza: tulipokuwa tunachinjwa, mlikuwa wapi?

Disemba 26, siku nne kabla ya uchaguzi wa rais na wabunge, tume ya uchaguzi, CENI, ikatangaza kwamba Beni na mji jirani wa Butembo hazitapiga kura pamoja na wenzao. Zisubiri Machi, kwa sababu ya Ebola na usalama. (Yumbi, upande wa magharibi, nayo iliahirishwa, lakini kule chanzo kilikuwa mauaji ya kikabila.) Na rais alikuwa aapishwe Januari! Yaani kura zaidi ya milioni moja, katika eneo linalofahamika kuwa ngome ya upinzani, zilikufa kabla hazijapigwa.

Wenyeji walitazama soko: liko wazi. Makanisa: yamejaa. Mapema mwezi uleule mgombea urais wa upinzani Martin Fayulu alihutubia umati palepale Beni. Kirusi gani hiki kinachovizia kwenye sanduku la kura tu? Kesho yake, Disemba 27, waandamanaji wakavamia kituo cha washukiwa wa Ebola, wagonjwa wakatawanyika.

Hapo ndipo ugonjwa ulipopewa kadi ya chama. Kukiri kwamba Ebola ipo kukawa kama kuipa serikali haki, na kuikana kukawa namna ya kupiga kura uliyonyimwa.

Sisi watu wa afya tulikuwa na neno letu jepesi: ujinga. Nami nimelitumia, sijifichi. Lakini Septemba 2018, miezi mitatu kabla ya tangazo lile, watafiti waliwahoji watu wazima 961 wa Beni na Butembo. Robo hivi hawakuamini kwamba Ebola ipo. Walioona kwamba viongozi wa eneo lao wanatetea maslahi yao hawakufika theluthi. Jeraha lilikuwepo, CENI ikalitia chumvi.

Disemba 30 watu wa Beni wakajiandalia uchaguzi wao wenyewe, wakijua hautahesabiwa popote. Walipanga foleni. Na kabla ya kupiga kura, walinawa mikono. Nawaombeni mwitazame sana picha ile ya watu tuliowaita wajinga.

Machi 31, 2019, wakaruhusiwa kuchagua wabunge. Disemba wagonjwa walikuwa hawajafika 600; siku hiyo walikuwa wameshapita 1,000. Aprili 19 Dkt. Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, akauawa kwa risasi hospitalini Butembo. Sisemi kura ingemwokoa; wenye bunduki kule wana hesabu zao. Hadi mlipuko unatangazwa kwisha, Juni 25, 2020, waliokufa walikuwa 2,287.

Nikiulizwa kwa nini wagonjwa wasiofika 600 walizuia kura ya rais, na zaidi ya 1,000 hawakuzuia ya wabunge, jibu la kitabibu sina. Karibuni maswali mengine.