Ndoo, Kutu na Arseniki

Niliowafundisha mtanivumilia, ndoo hii mnaijua. Nairudia kwa sababu kila nikizungumzia arseniki iliyo kwenye maji ya visima vya Bangladesh, mtu husimama kuuliza: ni kiwanda gani kilichomwaga sumu hiyo? Jamani, hakuna kiwanda!

Chukua ndoo nyeupe, pampu maji ya kisima kifupi cha kule, kwenye delta ya mto Ganges. Yanatoka maangavu, ya baridi. Yaache yatulie. Mara nyingi, baada ya muda yanageuka rangi, kama chai ya rangi iliyozidi maji, halafu tope laini jekundu linatuama chini. Lipitishe kidole, kinatoka na kutu. Ni kutu hasa: chuma kilichoyeyuka kimekutana na hewa.

Sasa, nani alikiyeyusha? Ganges na Brahmaputra zimeshusha mashapo ya Himalaya kwa maelfu ya miaka. Chembe za mchanga zimevikwa utando wa kutu, na arseniki imenata humo. Ikinata hivyo haimdhuru mtu. Lakini mashapo yalizikwa pamoja na majani, mizizi na mboji ya vinamasi, na bakteria wanaila mboji hiyo. Mimi na wewe tukila tunavuta oksijeni. Kule chini oksijeni imekwisha, kwa hiyo wao wanaipumulia kutu. Kutu inayeyuka, arseniki inakosa pa kushika, inaingia majini. Mwaka 2004 watafiti walichapisha jaribio la mashapo ya Bengali Magharibi, jimbo la India jirani na Bangladesh: waliwaongezea bakteria chakula, asetati, chuma kikatangulia kuyeyuka, kisha arseniki ikafuata. Bila mboji, bakteria hawana kazi. Hapo ndipo ninapong'ang'ania miaka yote, na bado naulizwa habari za kiwanda.

Mtasema tuchemshe. Hapana! Moto unaua vijidudu, hauondoi arseniki. Maji yakipungua kwa mvuke, sumu yote inabaki kwenye yaliyosalia, na kuni zimeteketea bure.

Kinachoniuma ni kwamba visima hivyo vilikuwa vya kuokoa watu. Tangu miaka ya 1970, mashirika, UNICEF ikiwamo, yaliwatoa wanakijiji kwenye madimbwi yaliyowaletea kuhara na kipindupindu. Arseniki ikagunduliwa Bangladesh mwaka 1993. Upimaji wa 1998 na 1999 ulikuta asilimia 27 ya visima vifupi vimezidi mikrogramu 50 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linasema zisizidi 10.

Na Geita yetu ya migodi ya dhahabu, Tanzania, je? Huko chanzo ni kingine: madini ya salfaidi, yaani yenye salfa, yanayoandamana na dhahabu, yakikutana na hewa na maji yanaiachia arseniki. Usiipeleke Geita dawa ya delta.

Naona naonyeshwa saa. Mabishano kama mboji inayowalisha bakteria ni ya kale au inashuka kutoka madimbwini, tutayafanya nje. Visima vya kina cha kupita mita 150 kule Bangladesh kwa kawaida ni salama, ila pampu kubwa za umwagiliaji zisivigeukie, zisije zikayavuta chini maji ya juu yenye arseniki.

Visima vilivyopimwa walivipaka rangi, nyekundu kwa chenye sumu, kijani kwa kilicho salama, na vya rangi zote mbili unaweza kuvikuta kwa majirani wa ua kwa ua. Kwa hiyo usiniambie cha jirani kimepimwa. Pima chako. Wala ndoo isikudanganye: kutu inakuonyesha chuma tu, na ndoo iliyobaki nyeupe si cheti cha maji.