Postfix: mipangilio inavyofika kwenye prosesi wana

Karibuni. Umebadilisha mpangilio wa Postfix, programu ya seva ya barua pepe, umehifadhi faili, mbona smtpd, prosesi inayopokea barua kupitia mtandao, haina habari? Fungua terminali, ingia kama root, uandike:

ps -o pid,ppid,args --ppid $(cat /var/spool/postfix/pid/master.pid)

Hizo zote, qmgr (msimamizi wa foleni ya barua), pickup (mwokotaji wa barua za ndani ya mashine) na wenzake, zimezaliwa na master, prosesi mzazi ya Postfix. Kama smtpd haimo, ni kwa sababu huanzishwa pale mteja anapopiga hodi. Jaribu tena barua ikiwa njiani. Sasa, wengi hudhani master husoma mipangilio yote halafu huigawa. Sivyo. Main.cf, faili kuu ya mipangilio, kila prosesi huisoma yenyewe inapoanza. Kutoka kwa master hupata vitu vichache tu, kama MAIL_CONFIG inayoelekeza folda ya mipangilio ilipo, pamoja na zile -o (mipangilio ya huduma moja moja) za master.cf, faili inayoorodhesha huduma. Tazameni mstari huu wa submission, huduma ya smtpd kwenye poti 587 ya watumiaji wanaotuma barua: -o smtpd_tls_security_level=encrypt. Hiyo inaishinda main.cf, ila kwa huduma hii peke yake.

Endesha postconf -n, kisha postconf -P. Ya kwanza haionyeshi -o hata moja (ya pili ndiyo huzionyesha), kwa hiyo ukiitegemea hiyo tu utazunguka usiku kucha.

Tuhariri master.cf. Mstari wa -o uanze na nafasi, lakini usiweke nafasi kando ya alama ya =.

Hapa ndipo penye mtego. Unataka kuondoa vichwa vya Received (mistari inayoonyesha njia ya barua) kwa wanaotuma kupitia 587, unaweka -o header_checks, yaani sheria za kukagua vichwa, chini ya submission. Kimya, hata logi hailalamiki. Kazi hiyo ni ya cleanup, prosesi inayoandaa barua kabla haijaingia foleni, na cleanup hairithi kitu kwa smtpd: hao ni ndugu, mzazi wao ni master. Kwa hiyo chini ya submission andika:

  -o cleanup_service_name=subcleanup

Halafu ongeza huduma mpya:

subcleanup unix n - n - 0 cleanup
  -o header_checks=regexp:/etc/postfix/submission_header_checks

Maliza kwa postfix reload. Prosesi za zamani zitamaliza kazi iliyo mkononi ndipo ziondoke, kwa hiyo msishtuke mkiona moja bado ina tabia za jana. Bila reload, smtpd hujifia yenyewe baada ya kuhudumia mara 100 au kukaa bure sekunde 100, na itakayofuata husoma main.cf mpya. Qmgr haina mwendo huo. Bila reload itang'ang'ania ya zamani. Na ukigusa inet_interfaces (anwani ambazo Postfix husikiliza), reload haitoshi: postfix stop, kisha postfix start.